Mzee wa kanisa aliyeshindwa kuomba: uchambuzi wa kisa

Binti wa miaka 11 alifariki kwa saratani ya damu baada ya matibabu ya miezi 14. Baba yake ana miaka 46 na ni mzee wa kanisa. Kwa miaka 9 zamu yake imekuwa kutembelea wagonjwa na wafiwa, na kuongoza maombi ya katikati ya juma. Wiki 3 baada ya mazishi alirudi kwenye zamu. Aliongoza maombi vizuri, sauti haikutetemeka, watu wakatoka wakisema imani yake ni ya kuigwa. Mwezi wa pili mkewe alimwendea mchungaji akamwambia: "Mchungaji, baba watoto haombi. Kanisani anaomba, nyumbani haombi. Tukikaa mezani tukifumba macho, ananyamaza mpaka niombe mimi."

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja anayejulikana. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika huduma ya wafiwa, ili hatua zake zichambuliwe bila kuanika siri za nyumba ya mtu.

Jambo la kushikwa tangu mwanzo ni kwamba mtu huyu hakuwa amepoteza imani. Alikuwa amepoteza mahali pa kuweka lawama yake. Akiwa mzee wa kanisa alijua namna ya kusifu, kushukuru na kuombea wengine, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumlalamikia Mungu usoni bila kumwacha. Kazi yote iliyofuata ilikuwa kumrudishia lugha hiyo.

Wiki za kwanza

Mengi yalifanyika vizuri. Katika wiki ya kwanza kulikuwa na mtu wa kanisa nyumbani kila siku, na kila mmoja alikuwa na kazi inayojulikana: mmoja kufua, mmoja kumpeleka shule kaka wa marehemu mwenye miaka 15, mmoja kupokea simu. Hilo ni bora kuliko "mkihitaji chochote mtuite", kwa kuwa mfiwa hana nguvu ya kufikiri anahitaji nini, na akijua hathubutu kuita. Anayetaka kusaidia aseme kazi, siku na saa.

Kasoro ilianzia kwenye maneno. "Mungu alihitaji malaika mwingine." "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." La kwanza si fundisho la Kikristo kabisa: Biblia haisemi popote kwamba wanadamu wakifa huwa malaika, na linamfanya Mungu kuwa mwenye haja aliyemnyang'anya mzazi. La pili limepindishwa kutoka 1 Wakorintho 10:13, ambapo Paulo anazungumzia majaribu na mlango wa kutokea, si uzito wa msiba. Tena huyohuyo Paulo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi.

La tatu ni Maandiko yenyewe, na ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu kwa miaka 9 yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine. Aya hiyo, Ayubu 1:21, inahitaji kusomwa pole. Aliyeitamka ni Ayubu, juu ya watoto wake mwenyewe, wana 7 na mabinti 3. Hakuna aliyemwambia. Ni neno la mfiwa, wala mfariji hana ruhusa ya kumtangulia nalo. Na Ayubu huyohuyo, sura mbili tu mbele, anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walifanya jambo jema moja: waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipoanza kueleza sababu ya mateso yake, wakaharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kumhusu Mungu, kama Ayubu alivyonena (42:7). Ni Ayubu mlalamikaji aliyethibitishwa, si watetezi wa Mungu.

Kulikuwa pia na jeraha ambalo hakuna aliyetaka kuligusa. Miezi 2 kabla ya kifo, katika maombi ya mkesha, mshirika mmoja alisimama akasema ameonyeshwa binti anakimbia uwanjani, amepona. Watu walishangilia. Baada ya mazishi neno hilo halikutajwa tena na mtu yeyote. Hapa mchungaji alifanya jambo gumu na la lazima: alimwita mshirika huyo, wakasoma pamoja Kumbukumbu la Torati 18:22 kuhusu neno lililotolewa kwa jina la Bwana lisitimie, kisha wakaenda wote wawili kwa wazazi. Yule mshirika alisema kwa ufupi: "Nilisema Bwana amesema, na Bwana hakusema. Ni mimi. Nisameheni." Bila hatua hiyo baba angeendelea kufikiri amedanganywa na Mungu, kumbe alidanganywa na mtu aliyempenda. Makanisa mengi huruka hapa, wakidhani kimya kinaponya. Kimya humwachia mfiwa kutafuta mwenyewe nani wa kulaumiwa, na kwa kawaida hujichagua yeye au Mungu.

Kilichokuwa ndani

Katika mazungumzo ya mwanzo baba alitoa sentensi tatu, kwa siku tofauti, kama kwa bahati mbaya. "Labda ni yale ya ujana wangu." "Pengine imani yangu ilikuwa ndogo." "Nikiomba naona kama naongea na ukuta." Kwa sikio la haraka zote zinasema kitu kimoja. Sivyo. Ya kwanza inadai adhabu, ya pili inadai upungufu wake mwenyewe, ya tatu inadai kuachwa. Kila moja ina dawa yake, na anayejibu ya tatu kwa jibu la ya pili anaongeza ugonjwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyotumia dini wakati wa shida, ametenganisha dini inayobeba na dini inayolemea. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, uliowafuatilia kwa takriban miaka 2. Waliokuwa katika mapambano ya kidini, hasa waliohisi Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake, au walioona ni shetani aliyewaletea ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa hata baada ya hali zao za afya kuzingatiwa. Wale walikuwa wagonjwa wa hospitali, si wafiwa, lakini matokeo yao yanatosha kumfanya mchungaji aache kuichukulia sentensi ya "naongea na ukuta" kama udhaifu wa muda utakaopita wenyewe.

Kabla ya mashauri yoyote ya kiroho aliulizwa pia maswali ya mwili: analala saa ngapi, anakula nini, uzito umebadilikaje, anakunywa pombe au dawa za usingizi. Alikuwa analala saa 3 kwa usiku na nguo zimeanza kumpwaya. Kisha likaulizwa swali ambalo wachungaji wengi hulikwepa: "Umewahi kufikiri kujiua?" Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema. Alijibu kwamba anatamani asiamke asubuhi, lakini hana mpango wala njia aliyoifikiria. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye mpango na njia haachwi peke yake hata kwa saa moja, na anapelekwa kwenye huduma ya dharura siku hiyohiyo. Asiye na mpango hupelekwa kwa daktari ndani ya siku chache, na swali hurudiwa kila ziara.

Alisita kwenda. Alisema mzee wa kanisa kwenda kwa daktari wa akili ni kukiri kushindwa. Alisomewa 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza na neno. Alianza na usingizi, mkate na maji, mara mbili, na ndipo safari ya siku 40, na sauti ikaja mwisho. Daktari alimkuta na sonona, ugonjwa wa akili unaomzamisha mtu katika huzuni, akaanza kumtibu. Katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022, huzuni ya kufiwa iliyorefuka kuwa ugonjwa haihesabiwi kabla ya miezi 6. Wataalamu wa Marekani wanasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Kulia katika mwezi wa pili, basi, si ugonjwa. Kupoteza usingizi na kutamani kutoamka kulihitaji tiba mara moja bila kusubiri kalenda hiyo.

Ziara

Mpango ulikuwa ziara moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha kila wiki 2 hadi mwezi wa 6, kisha kwa tarehe maalumu. Kila ziara isizidi dakika 60. Simu zimezimwa. Mchungaji anakuja peke yake, kwa sababu mzee wa kanisa akiona wazee wenzake anarudi kwenye cheo.

Ziara ya kwanza Biblia haikufunguliwa. Swali lilikuwa moja: "Nieleze siku ile ya mwisho, tangu asubuhi." Sababu ni kwamba kumbukumbu ya mfiwa mara nyingi hukwama kwenye dakika moja, na dakika hiyo haipatikani kwa kuulizwa "unajisikiaje". Hupatikana kwa kuipitia siku kwa mpangilio na kuangalia anaposimama. Baba alisimulia kwa dakika 20 hivi: dawa za asubuhi, muuguzi aliyebadilisha shuka, homa iliyopanda jioni. Akafika saa 4 usiku, akanyamaza. Mchungaji naye akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, na hapo ndipo wafariji wengi huingia na aya. Hatimaye akasema: "Aliniuliza, 'Baba, leo hatuombi?' Nikamwambia, 'Tumeshaomba, mama, lala.' Hatukuwa tumeomba. Nilikuwa nimechoka." Binti alifariki alfajiri.

Ndicho kilichofunga kinywa chake mezani. Kila mara familia ilipofumba macho, alisikia swali lile.

Ziara ya pili iliharibika, na inafaa kuelezwa ilivyoharibika kwa kuwa kosa lake ni la watu wema. Mchungaji alikuwa ameguswa sana, akataka kuupunguza mzigo upesi. Alimwambia Mungu anaujua moyo wake, hana hatia, asijilaumu. Kisha akasoma Zaburi ya 13 yote, aya 6, akiweka mkazo kwenye ya 5: "Nami nimeitumainia fadhili zako." Baba akasema, "Asante, Mchungaji," akasimama kumsindikiza. Dakika 15 zilikuwa hazijaisha. Kuna "asante" inayofunga mlango, na mhudumu wa wafiwa anapaswa kuifahamu.

Kilichokosewa ni mwendo. Zaburi ya 13 ina "hata lini" nne katika aya 2 za kwanza: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, hata lini adui yangu atukuke. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Tumaini linaingia aya ya 5, na zaburi haisemi ni muda gani ulipita kati ya ya 4 na ya 5. Msomaji anapita pale kwa pumzi moja. Mwenye msiba anaweza kukaa pale mwaka mzima. Anayemvuta kuvuka anamfundisha kuigiza, na kuigiza ndiko mzee huyu alikokuwa akikufanya kila katikati ya juma.

Ziara ya tatu mchungaji alianza kwa kuomba radhi: "Wiki iliyopita nilikuharakisha." Akasoma aya 4 tu, akafunga kitabu. Baba akauliza, "Umeishia hapo?" Akajibiwa, "Leo tunaishia hapo." Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari.

Lilikuwa daftari la maombi, la jalada gumu, lenye kona zilizokunjamana. Kila mwezi aliandika ukurasa mpya: majina ya wagonjwa kushoto, tarehe alizowaombea kulia. Katika kurasa 14 jina la binti liko juu kabisa. Ukurasa wa mwisho tarehe zinakoma siku 4 kabla ya kifo. Chini yake ni mistari mitupu, mingi, hadi mwisho wa daftari.

Alipewa kazi moja, ifanyike kwenye mistari hiyohiyo, bila siku ya mwisho. Amwite Mungu kwa jina analomwitia. Aseme malalamiko yake kwa vitu halisi, si kwa "shida hizi" au "mapito haya". Aombe kitu kimoja. Aishie hapo, asijilazimishe kumalizia na sifa. Baada ya siku 9 alionyesha alichoandika:

"Bwana. Nilikuomba kurasa 14. Usiku ule mtoto alitaka kuomba, mimi nikachoka. Mbona hukuniamsha?"

Hayo ni maombi. Yalikuwa ya kwanza ya kweli kwa karibu miezi 3. Anayeandika hivyo haongei tena na ukuta, maana ukuta haulaumiwi. Zaidi ya 50 kati ya zaburi 150 zina sura hii ya kulalamika, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila aya hata moja ya kugeuka. Bado Israeli waliihifadhi, wakaiimba hekaluni. Msalabani Yesu aliichukua Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo sentensi ya tatu ya baba, ile ya kuachwa, haikujibiwa kwa hoja. Ilijibiwa kwa kuonyeshwa nani mwingine aliyewahi kuisema.

Wengine huuliza kama hili si manung'uniko yaliyoadhibiwa jangwani. Tofauti iko mahali mtu anapotazama. Wana wa Israeli waliambiana wao kwa wao kwamba Mungu amewaleta wafe, wakatafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri (Hesabu 14). Mwombolezaji anasema maneno makali kama hayo lakini anamwambia Mungu mwenyewe, akingoja ajibiwe. Na ombolezo halisahihishwi. Mchungaji akianza kurekebisha theolojia ya "mbona hukuniamsha", lile daftari halitafunguliwa tena.

Hatia ya saa 4 usiku

Ziara ya nne hadi ya sita zilikaa hapa tu. Kumwambia "huna hatia" kulishindikana kwa sababu yeye alijua amemdanganya mtoto kwa neno dogo, tumeshaomba. Basi likaitwa kwa kipimo chake: alisema uongo wa mtu aliyechoka, akaungama, akaachiliwa kwa 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe. Hilo lilikuwa dogo na lilikwisha. Kubwa lililobaki ni imani yake kwamba laiti angeomba, mtoto angeishi.

Walisoma Gethsemane. Yesu usiku wa mwisho aliwaomba watu watatu wa karibu wakeshe naye, wakalala. Luka peke yake anaitaja huzuni kuwa sababu: aliwakuta "wamelala usingizi kwa huzuni" (22:45). Si uzembe, ni huzuni iliyomaliza mwili. Usingizi wao haukuusababisha msalaba, wala kukesha kwao kusingeuzuia. Na Yesu aliendelea kuomba wakati wao hawawezi. Kutoka hapo walikwenda Warumi 8:26, Roho anayeombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hamu ya mtoto kuomba haikupotea kwa sababu baba alisinzia. Haikuwa ikimtegemea yeye kufika. Alilia ziara hiyo, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu.

Sentensi ya pili, ya imani ndogo, ilipata Matendo 12. Sura ile inaanza na Yakobo kuuawa kwa upanga na Herode, kisha Petro anatolewa gerezani na malaika. Mitume wote wawili, kanisa ni lilelile, mwindaji ni yuleyule. Na walioomba kwa ajili ya Petro hawakuwa na imani ya kutisha, maana alipobisha hodi walimwambia Roda, kijakazi aliyewaletea habari, kwamba ana wazimu. Ukubwa wa imani hauelezi kwa nini mmoja aliishi na mwingine akafa. Sentensi ya kwanza, ya dhambi za ujana, ilijibiwa kwa upesi na Yohana 9:3, ambapo Yesu anasema kipofu hakuzaliwa hivyo kwa dhambi yake wala ya wazazi wake, na Luka 13:4, ambapo anakataa kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakuirudia tena.

Mke na mtoto aliyebaki

Kipande hiki kingeweza kuvunja nyumba. Mama alilia hadharani na alitaka kumtaja binti kila siku. Baba alijitupa kwenye huduma. Mke akaamini mumewe haumii, mume akaamini mkewe anamkaripia. Walipewa dakika 10 jioni: kila mmoja anasema jambo moja analomkumbuka mtoto, mwenzake anasikiliza bila kujibu wala kusahihisha. Siku za mwanzo zilikuwa nzito, wakakosa jioni 4 katika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu kaka mtu aliomba kukaa nao. Akasema mwaka jana alimwambia mdogo wake, wakigombana, "ufe tu". Alikuwa amelibeba peke yake muda wote huo. Wafariji hupita juu ya ndugu wa marehemu kwa sababu wanaendelea kwenda shule na kucheza. Waulizwe peke yao, kwa maneno mepesi, kama kuna walichosema au kufanya wanachodhani kilisababisha kifo.

Maana, na haraka ya ushuhuda

Mwezi wa 5 kanisa jirani lilimwalika baba atoe ushuhuda kwenye semina ya imani. Mchungaji alishauri akatae, naye akakubali kwa nafuu iliyoonekana usoni. Ushuhuda wa mapema humlazimu mtu kusema ameshafika anakosafiri. Tena husikilizwa kwa ajili ya mwisho wake mzuri, na mwisho wake bado haukuwepo.

Warumi 8:28 ilisubiri mpaka mwezi wa 6, na ilisomwa kuanzia aya ya 18. Hapo kuna kuugua kutatu kabla ya kufika: viumbe vyote (22), sisi wenyewe (23), na Roho (26). Aya ya 28 haisemi mambo yote ni mema. Inasema Mungu hufanya kazi katika hayo kwa wema, na aya ya 29 inaeleza wema huo ni upi: kufananishwa na mfano wa Mwana wake. Saratani ya mtoto haikuhitaji kuitwa jema. Kilichomsaidia baba zaidi, kwa maneno yake, kilikuwa 1 Wakorintho 15:26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Mungu mwenyewe anakiita kifo adui. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, akijua atamfufua baada ya dakika chache. Tumaini la Kikristo halisimami juu ya kifo kuwa rafiki. Linasimama juu ya Kristo aliyefufuka kwa mwili, limbuko la waliolala, na makovu mikononi yakiwa yanaonekana bado. Kwa hiyo kumtumainia hakudai kovu lifutike.

Maana nayo ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyempangia. Mwezi wa 9, baada ya kupumzika zamu zake kwa muda, alirudi kwenye zamu ya wafiwa kwa masharti: anakwenda kama mtu wa pili, haongozi, na nyumba zenye mtoto aliyefariki anaruka kwa sasa. Alifungua ukurasa mpya wa daftari. Kushoto akaandika majina ya waliofariki, si wagonjwa, kwa kuwauliza wafiwa jina kamili na namna lilivyotamkwa nyumbani. Kulia akaandika tarehe iliyo miezi 3 mbele, kwa sababu alijua mwenyewe kwamba wakati huo nyumba imebaki tupu na watu wameshasahau. Tarehe ikifika anakwenda. Paulo katika 2 Wakorintho 1:4 anasema tunawafariji wengine kwa faraja tuliyofarijiwa; si kwa maumivu tuliyopata. Mfiwa asiyefarijiwa akitumwa kufariji atawapa watu uchungu wake.

Maombi ya katikati ya juma hajarudi kuyaongoza. Aliulizwa, akasema bado, na hakushurutishwa.

Siku ya kutimiza mwaka walikwenda kaburini wanne: baba, mama, kijana na mchungaji. Baba alikuwa na Zaburi ya 13 aliyoinakili kwa mkono. Alisoma aya 4, akasimama. Kimya kikawa kirefu. Mama akachukua karatasi, akaanza ya 5, na alipofika "nimwimbie Bwana" sauti ikamkwama, baba akalisoma neno hilo pamoja naye. Kwenye kalenda ya mchungaji tarehe inayofuata ni siku ya kuzaliwa ya binti. Angetimiza miaka 13.